Modeli ya daiki: magma inafika juu kwa dakika 20 na inazidi kuongeza kasi. Kosa liko wapi?

UfaMrefu

Wakuu, naomba macho mengine kwenye modeli hii. Inahusu basalti inayopanda kutoka kwenye chemba iliyo kina cha kilomita 6 hadi juu ya ardhi kwa njia ya daiki, yaani ufa wima ambao magma yenyewe inaupasua inapopanda. Modeli ni ya pande mbili: kimo cha ufa na upana wake. Upande wa tatu nimeuchukulia kama hauna mwisho.

Vipimo nilivyotumia: mnato (μ) Pa·s 100, tofauti ya densiti kati ya mwamba na magma (Δρ) kilo 100 kwa mita ya ujazo, moduli ya mkato ya mwamba (G) GPa 10, uwiano wa Poisson (ν) 0.25, ukinzani wa mwamba dhidi ya kupasuka (Kc) MPa·√m 1. Chini kabisa kuna shinikizo la ziada la MPa 10 ambalo halibadiliki. Seli zina mita 20. Mtiririko ni ule wa kati ya kuta mbili sambamba, kasi ya wastani = w²/(12μ) × gradienti ya shinikizo, ambapo w ni upana. Upana unatoka kwenye mlinganyo wa unyumbufu ambamo kila seli inaathiri nyingine zote.

Matatizo ni mawili. La kwanza, nikiweka hatua ya muda ya sekunde 0.0001 namba zinalipuka mara tu upana unapopita mita 1.5. Nikishusha hadi 0.000005 programu inamaliza, ila inakula karibu siku nzima. La pili, ikimaliza, daiki inafika juu kwa dakika 20 hivi, upana ukiwa mita 4 na kasi ya ncha ikipita mita 30 kwa sekunde. Vitu vya namna hiyo sivioni kwenye data za mitetemo. Kosa ni la fizikia au la ukokotoaji?

Mnato100

Ni yote mawili, lakini fizikia ndiyo imebeba mzigo mkubwa. Kabla ya kugusa msimbo, pima namba ya Reynolds ya matokeo yako: densiti 2600 × kasi 30 × upana 4 ÷ mnato 100 = 3120. Mlinganyo wa w²/12μ unadai mtiririko tulivu, na kati ya kuta mbili utulivu huanza kuvunjika ukivuka elfu moja na kitu. Kwa hiyo modeli imetoka nje ya dhana iliyoijenga, na kuanzia hapo hakuna namba ya kuaminika. Kipimo hiki kiandike ndani ya msimbo kijikague kila hatua. Ni mstari mmoja tu.

Sasa kwa nini inakimbia. Shinikizo lisilobadilika pale chini maana yake umeunganisha daiki na bahari ya magma isiyokauka. Daiki ikirefuka, unyumbufu unairuhusu kutanuka zaidi (upana unakua sawia na kimo ikiwa shinikizo halishuki), na kwa kuwa kasi inategemea mraba wa upana, kila mita inayopanda inaifanya ipande haraka zaidi. Hakuna breki popote.

Chemba halisi ina ujazo wenye kikomo, na ikitoa magma shinikizo lake linashuka. Sharti la mpaka wa chini libadilishe liwe hivi:

dP/dt = −Q ÷ [V × (βm + βc)]

Q ni magma inayotoka kwa sekunde, V ujazo wa chemba, βm ubanikaji wa magma, βc ubanikaji wa chemba yenyewe. Kwa chemba ya umbo la tufe βc = 3/(4G), yaani kwa G yako ni 7.5 × 10⁻¹¹ kwa paskali. Basalti isiyo na viputo ina βm ya karibu 10⁻¹⁰. Jumla 1.75 × 10⁻¹⁰.

Chukua chemba ya kilomita za ujazo 10. Ikitoa kilomita za ujazo 0.01, shinikizo linashuka kwa MPa 5.7. Ukianza na MPa 10, magma yote unayoweza kuitoa kabla shinikizo la ziada halijaisha ni mita za ujazo milioni 17.5. Daiki ya upana wa mita 1, kimo kilomita 5 na upana wa pembeni kilomita 3 inahitaji milioni 15. Umeona jinsi hesabu inavyobana. Daiki inaweza kufia njiani kwa sababu ya chemba kuishiwa msukumo tu, hata kabla ya baridi kuiwahi.

Viputo vikiwemo ndani ya chemba, βm inaweza kufika 10⁻⁹ na kupita, na hapo chemba ileile inatoa zaidi ya mara sita ya ujazo huo. Kwa hiyo ujue mapema kuwa jibu lako litayumba zaidi kwa βm kuliko kwa karibu kipimo kingine chochote ulichoorodhesha.

Kina_Kirefu

Naongezea kwa Mnato100. Hapo kwenye "upande wa tatu hauna mwisho" kuna kosa la pili la fizikia, na hili ndilo linalokupa mita 4.

Katika pande mbili, upana wa ufa unaamuliwa na kimo chake: w ≈ 2(1−ν)ΔP·a/G, ambapo ΔP ni shinikizo la ziada na a ni nusu ya kimo. Kwa kilomita 6 na MPa 10 unapata mita 4.5 katikati. Lakini daiki halisi ina kikomo pembeni pia, na kinachoamua upana ni kile kipimo kifupi kati ya viwili. Ikiwa inaenea kilomita 2 tu pembeni (iite B), basi baada ya kimo kuvuka kilomita 2 upana unatawaliwa na B: w = (1−ν)ΔP·B/G = mita 1.5. Na hiyo ni kwa shinikizo lote la MPa 10, ambalo halitakuwepo tena ukishaweka chemba inayoshuka.

Watu wa visima vya mafuta wanaopasua miamba kwa maji wana modeli ya hali hii, inaitwa PKN kwa herufi za kwanza za majina ya walioiunda. Ndani yake shinikizo la kila mahali linategemea upana wa mahali hapohapo tu: ΔP = G·w/[(1−ν)B]. Hakuna tena kila seli kuathiri seli zote. Kwa kimo kilicho chini ya B bado unahitaji mlinganyo wako wa mwanzo, hivyo ama anza na ule kisha ubadilishe, ama anzisha daiki ikiwa tayari na kimo cha kilomita 2. Wengi hufanya hili la pili na kukiri hivyo.

Usisahau pia kuwa Q ya Mnato100 ni mita za ujazo kwa sekunde, ilhali modeli yako inatoa mita za mraba kwa sekunde. Zidisha kwa B. Kosa hili halitoi onyo lolote: chemba inaonekana haishuki, mtu anadhani ameipata kubwa mno.

Seli_Ndogo

Kuhusu namba kulipuka: hilo si kosa la msimbo, ni tabia ya mlinganyo wenyewe. Unatumia mbinu inayokokotoa hatua ijayo kwa thamani za hatua iliyopita peke yake. Kwa ufa wenye unyumbufu wa pande zote, hatua salama ya muda ni kama 12μ·Δz³/(E′·w³), ambapo Δz ni ukubwa wa seli na E′ = 2G/(1−ν), kwako GPa 26.7. Weka seli ya mita 20 na upana wa mita 1: sekunde 0.00036. Weka upana wa mita 1.5: sekunde 0.0001. Ndipo ulipolipukia, kama ulivyosema. Kwa mita 4 inashuka hadi 0.0000056. Na ukitaka ubora zaidi ukapunguza seli ziwe mita 10, gawanya tena kwa nane. Njia hiyo haina mwisho mwema.

Tumia mbinu fiche: upana na shinikizo la hatua ijayo vitatuliwe pamoja kwa mbinu ya Newton. Una seli 300, matriki ya 300 kwa 300 hata kompyuta ya mkononi inaimaliza kwa kufumba na kufumbua. Hatua ya muda iamuliwe na ncha: isisogee zaidi ya nusu ya seli kwa hatua moja. Kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde hiyo ni sekunde 10, na safari nzima ni hatua 600.

Ukihamia PKN kama alivyoshauri Kina_Kirefu, mlinganyo unageuka kuwa wa mtawanyiko na hatua salama inafuata mraba wa seli. Kwa vipimo vyako na w = 1 ni sekunde 0.036 hivi, mara mia ya ile ya mwanzo. Unaweza hata kubaki na mbinu yako, ingawa mimi ningehamia fiche tu.

Halafu kuna ncha. Hapo ndipo wengi wanapoteza usahihi bila kujua. Mnato ukitawala, upana karibu na ncha unafuata umbali kwa kipeo cha 2/3. Ukinzani wa mwamba ukitawala, kipeo ni 1/2. Seli ya mita 20 haiwezi kuliona umbo hilo. Usiishibishe ncha kwa seli ndogo, badala yake chukua seli mbili za mwisho na uzilazimishe zifuate kipeo kinachofaa, ndipo upate mahali ncha ilipo. Kukata seli nusu nusu mpaka jibu litulie kunawezekana, ila utasubiri sana.

UfaMrefu

Asanteni sana. Kabla sijabadilisha kila kitu: kuna jibu la kulinganishia? Nataka kujua kama msimbo mpya uko sahihi kabla ya kuuamini.

Mnato100

Yapo mawili, na yote yanapatikana kwa karatasi na kalamu.

La kwanza: ingiza magma kwa kiwango kisichobadilika, q mita za mraba kwa sekunde. Mbali na ncha, kani ya kuelea inasawazika na mnato na mkia unakuwa na upana mmoja: w = (12μq/(Δρ·g))^(1/3). Kwa q = 1 na vipimo vyako, w = mita 1.07 na kasi ni q/w = mita 0.94 kwa sekunde. Ongeza mnato mara kumi: upana unakuwa mita 2.3, kasi 0.43. Angalia hapo, mnato mara kumi haukupunguza kasi mara kumi, kwa sababu ufa ulijitanua. Msimbo usipotoa tabia hii, kiunganishi cha unyumbufu na mtiririko kina hitilafu.

La pili: weka kiasi maalumu cha magma, A mita za mraba, ukate ugavi. Ncha inafuata h = (9A²·Δρ·g·t/(16μ))^(1/3). Kwa A = 1000, baada ya saa 1 iko kilomita 2.7, baada ya saa 8 iko kilomita 5.4. Muda mara nane, umbali mara mbili tu. Fomula hii haijali unyumbufu wala Kc, kwa hiyo usitarajie ilingane kabisa karibu na ncha, lakini ukichora h na t kwenye skeli za logi mwinuko lazima uwe 1/3.

Kina_Kirefu

Na la tatu la bure: jumla ya magma ndani ya ufa pamoja na ile iliyobaki kwenye chemba isibadilike. Ikipotea zaidi ya sehemu moja kwa elfu, acha kila kitu ukaitafute. Mara nyingi huwa imevuja pale ncha inapohamia seli mpya.

UfaMrefu

Nimerudi. PKN, mbinu fiche, chemba ya kilomita za ujazo 10, B kilomita 2. Majaribio yote mawili ya Mnato100 yamepita, hasara ya ujazo ni chini ya moja kwa elfu kumi. Sasa daiki inafika juu kwa saa 2 hivi, inaanza na mita 1.5 kwa sekunde na kuishia 0.6, upana chini ya mita 1. Shinikizo la chemba linashuka hadi karibu nusu. Inaleta maana.

Kisha nikaongeza kupoa. Mwamba nyuzi 100 pembeni, magma 1150, mtawanyiko wa joto (κ) mita za mraba 10⁻⁶ kwa sekunde. Gridi ya joto ina seli za sentimita 20 kwenda ndani ya mwamba, na magma ikishuka chini ya nyuzi 1000 naihesabu imeganda. Sasa haifiki. Kila mara inasimama mita 400 hivi kabla ya kutokea, hata nikiongeza shinikizo. Je, hii ni kweli au nimeharibu tena?

TanuruBaridi

Umeharibu tena, lakini kwa namna inayoeleweka. Makosa ni mawili na yote yanavuta upande uleule.

Sentimita 20 ni seli kubwa kupita kiasi. Ndani ya dakika 10 joto linapenya mwamba kwa takriban √(κt) = sentimita 2.4. Seli yako ya kwanza inachukulia kwamba sentimita 20 zote za mwamba baridi zimeguswa na magma papo hapo na zinanyonya joto kwa pamoja. Umeweka sponji ukutani. Anza na milimita 5 kwenye kuta, kisha kila seli iwe kubwa kuliko iliyotangulia kwa 1.2. Seli 25 zinakufikisha zaidi ya mita 2, zinatosha kwa siku kadhaa.

La pili, sioni joto fichi popote. Magma inapoganda inatoa takriban kJ 320 kwa kilo, na kwa joto mahususi la kJ 1.2 kwa kilo kwa kila nyuzi hiyo ni sawa na kuipasha upya nyuzi 267. Ukiliacha, magma yako inaganda upesi kuliko inavyostahili.

Njia rahisi, kama hutaki gridi ya joto kabisa: unene wa ganda kwenye kila ukuta = 2λ√(κt), na kwa tofauti ya nyuzi 1000 pamoja na namba hizo hapo juu λ = 0.73. Ufa wa mita 1 unaganda wote kwa saa 33 hivi. Ufa wa sentimita 5 unaganda kwa dakika 5. Ndiyo maana kupoa hakuui mwili wa daiki, kunaua ncha na kingo zake nyembamba.

Tahadhari: fomula hiyo ni ya magma iliyotulia. Kwa saa 2 inakupa sentimita 12 kila upande, yaani sentimita 24 kati ya zile 70 au 80 ulizonazo, na w³ itaadhibu vikali. Magma inayotiririka huleta joto jipya kila wakati na ganda linakuwa jembamba zaidi ya hapo, hasa karibu na chemba. Bruce na Huppert walionyesha mwaka 1989 kwamba ufa ukiwa mwembamba unaziba, na ukivuka upana fulani magma inaanza kuyeyusha kuta na njia kupanuka. Kwa hiyo endesha modeli mara mbili, bila kupoa na kwa ganda la magma tulivu. Ukweli uko katikati, na ikiwa zote mbili zinafika juu, swali lako limejibiwa.

Jambo jingine: usitumie kizingiti cha "chini ya 1000 imeganda". Mnato hauruki, unapanda. Fuwele zikiongezeka tumia μ = μ₀(1 − φ/0.6)^(−2.5), ambapo μ₀ ni mnato bila fuwele na φ ni sehemu ya ujazo iliyo fuwele. Fuwele asilimia 30 zinazidisha mnato mara 5.7, asilimia 40, mara 15.6, asilimia 50, mara 88. Ukikaribia 60 fomula inakimbilia anga, weka kikomo kabla kompyuta haijakwama.

Mwamba_Mgumu

Nina pingamizi moja kwenye uzi wote. Kc ya MPa·√m 1 ni ya kipande cha mwamba maabara. Makadirio yanayotokana na umbo la daiki zilizofukuliwa na mmomonyoko yanafika mamia. Kwa nini hakuna aliyeigusa?

Seli_Ndogo

Swali la haki. Shinikizo linalohitajika kupasua ni Kc/√(πa). Kwa a = kilomita 1 na Kc = 1, ni kPa 18, kitu kidogo mbele ya MPa kadhaa za chemba. Kwa Kc = 100 ni MPa 1.8, na hapo haipuuziki tena. Binafsi naona sehemu kubwa ya zile namba kubwa ni kazi ya eneo lililovunjikavunjika kuzunguka ncha, na pia umbo la mwisho la daiki iliyopoa halisemi shinikizo lilikuwaje ikiwa bado inatembea. Lakini nisingemzuia mtu kuendesha 1, 30 na 100 na kuonyesha zote tatu.

Kc inaamua jambo moja zaidi: kimo cha chini kabisa ambacho mfuko wa magma uliokatika na chemba unaweza kupanda wenyewe. Nusu ya kimo hicho ni a = (Kc/(Δρ·g·√π))^(2/3). Kwa Kc = 1 ni mita 69. Chini ya hapo mfuko unakaa ulipo hata kama ni mwepesi kuliko mwamba.

UfaMrefu

Na densiti? Mita 1500 za juu zina mashapo ya kilo 2400 kwa mita ya ujazo, magma ni 2600. Nimesoma mahali kwamba magma husimama pale densiti zinapolingana.

Kina_Kirefu

Hiyo imerudiwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Kani ya kuelea haihesabiwi kwenye ncha, inajumlishwa kwa safu nzima. Kilomita 4.5 za chini zikiwa na +100 zinakupa MPa 4.4, mita 1500 za juu zikiwa na −200 zinakutoza MPa 2.9. Bado unabaki na MPa 1.5, ongeza kilichobaki chembani. Inapita, ila kwa kasi ndogo. Kinachofanya magma isimame au igeuke kulala mlalo kwenye mipaka ya tabaka ni mara nyingi tofauti ya ugumu wa tabaka na mwelekeo wa mkazo. Densiti inachangia, haiamui peke yake. Na tazama kwamba daiki haitaki kupanda tu: ile ya volkano ya Bárðarbunga huko Iceland mwaka 2014 ilitembea pembeni kwa zaidi ya kilomita 40 ndani ya wiki mbili, ikienda kwa vishindo na kusimama, hadi ikatokea juu ya ardhi kwenye uwanja wa Holuhraun. Modeli yako ya wima haiwezi kuzaa kitu kama hicho.

Tena magma ya 2600 haibaki 2600. Basalti yenye maji asilimia 1 kwa uzito huanza kutoa viputo vya maji kwenye MPa 24 hivi, yaani karibu kilomita 1 chini, kwa kanuni ya n = 6.8 × 10⁻⁸ × P^0.7 (n ikiwa sehemu ya uzito, P kwa paskali). Gesi ya kaboni dioksidi inaanza chini zaidi sana. Kwa hiyo kwenye mashapo yako magma inaanza kuwa nyepesi palepale unapoiogopa kuwa nzito.

Jeli_Asilimia2

Kama una tangi la kioo au plastiki angavu, hakiki umbo kwa jelatini. Tangi la sentimita 40 × 40 × 30, lita 40 za mchanganyiko, jelatini ya unga kilo 1 (asilimia 2.5). Iyeyushe kwa sehemu ya maji ya nyuzi 60 hadi 80, usiichemshe kwani inapoteza nguvu, kisha jaziliza kwa maji baridi. Toa povu la juu. Mimina tabaka jembamba la mafuta ya kupikia juu yake ili isikauke na kufanya ngozi. Weka kwenye nyuzi 5 hadi 8 kwa siku nzima.

Pima ugumu siku ya jaribio lenyewe, kwa sababu jelatini inaendelea kukaza kadiri inavyokaa. Ondoa mafuta, weka juu yake silinda ya chuma yenye uzito na kipenyo unachojua, pima imezama kiasi gani: E = 0.75·F/(D·d), F ni uzito kwa niutoni, D kipenyo, d kina ilichozama. Gramu 50, kipenyo milimita 25, ikizama milimita 3, E ni kama Pa 4900. Silinda iwe mbali na kuta, la sivyo utapata ugumu wa tangi.

Ingiza hewa kwa sindano kutoka chini. Chana mkato mdogo kwa wembe kwenye tundu ili ufa uelekee unakotaka. Jelatini ya namna hiyo ina Kc ya Pa·√m 100 hivi, kwa hiyo mfuko wa hewa utaanza kupanda wenyewe ukifika kimo cha sentimita 6 hadi 7, kwa fomula ileile ya Seli_Ndogo. Mwanga uliochujwa kwa karatasi mbili za polaroidi utakuonyesha mkazo ukikusanyika kwenye ncha.

Ila usilinganishe kasi. Hewa na maji ndani ya jelatini vinatawaliwa na ukinzani wa kupasuka, basalti yako inatawaliwa na mnato. Linganisha umbo, mahali ufa unapogeuka, na tabia yake kwenye mpaka wa tabaka laini na gumu. Ukimimina tabaka la pili, la kwanza liwe limeshaganda na la juu limepoa karibu na kuganda, vinginevyo linayeyusha mpaka na ufa unapita kama hakuna kitu.

Mgeni_Wa_Riolaiti

Naomba kudandia. Vipi kwa riolaiti yenye mnato wa Pa·s milioni moja? Ufa wa mita 1 unanipa mita 7 kwa siku, na unaganda kwa saa 33. Si bora niiweke ipande kama tone kubwa linalosukuma mwamba?

TanuruBaridi

Pima kwanza hilo tone. Nusu kipenyo kilomita 1, Δρ 200, mnato wa mwamba wa moto 10¹⁸: kwa fomula ya Stokes ni sentimita 1.4 kwa mwaka. Muda wa kupoa ni r²/κ, miaka elfu 32 hivi. Kwa muda huo limesogea mita 440, halijavuka hata nusu kipenyo chake. Na mwamba wa kilomita chache za juu una mnato mkubwa zaidi ya huo. Njia hiyo inafaa chini sana kwenye joto.

Kwa riolaiti panua ufa. Rudi kwenye fomula ya mkia: mnato mara elfu kumi, upana mara 21.5 kwa q ileile. Punguza q hadi 0.1 na bado una upana wa mita 10 na kasi ya mita 0.01 kwa sekunde. Upana huo unachukua zaidi ya miezi minne kuganda. Pia maji yaliyoyeyuka hushusha mnato wa riolaiti mara nyingi mno, kwenye MPa 100 inaweza kubeba asilimia 4 hivi, na yakitoka karibu na juu mnato unapanda ghafla. Mnato mmoja kwa safu nzima hautakufaa.

UfaMrefu

Gridi ya milimita 5 na joto fichi vimewekwa. Bila kupoa: saa 2 na dakika 10. Kwa ganda la magma tulivu: inafika kwa saa 4, upana wa njia umebaki nusu. Swali la mwisho: GPS juu ya chemba ingeonyesha nini? Ujazo wa daiki ni mita za ujazo milioni 8.4, nikiuweka kwenye fomula ya Mogi (inayokadiria ardhi inavyoshuka chemba ikisinyaa) kwa kina cha kilomita 7, yaani katikati ya chemba, napata kushuka kwa sentimita 4.

Mnato100

Usiweke ujazo wa daiki. Chemba haisinyai kwa kiasi chote kilichotoka, kwani magma iliyobaki nayo inatanuka shinikizo likishuka. Uwiano ni 1 + βm/βc, kwako 2.33. Chemba imesinyaa milioni 3.6 tu, na Mogi inatoa sentimita 1.75. Kisha daiki yenyewe inainua ardhi pembeni mwake, hiyo ikokotoe kwa fomula za Okada za mwaka 1985 na ujumlishe kabla ya kulinganisha na kituo chochote. Ukiwa na βm ya viputo, 10⁻⁹, uwiano unapita 14 na chemba karibu haionekani kabisa kwenye GPS.